Kitambaa cha Kompyuta

Nyumbani kwangu Karatu hapakuwa na kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni na chake, na kila kochi lilikuwa na viwili vya mikono na kimoja cha mgongo. Hata ndoo ya maji ya kunywa ilivaa. Vyote nilivifuma mwenyewe. Binti yangu alipokuwa darasa la tano aliniambia, "Mama, siku moja utamfumia paka." Nikamchapa kofi la mzaha mgongoni, tukacheka. Tulikuwa wawili tu nyumba nzima. Baba yake alishakwenda zamani kwa mtu mwingine, na habari zake sitazieleza kwa sababu hazina faida kwa yeyote.

Mtoto huyo huyo alipopata nafasi ya kusoma ng'ambo, wiki moja kabla ya safari alinipeleka Arusha tukanunue laptop. Yangu, si yake, maana yeye angeikuta ya kwake chuoni. Tuliingia duka kubwa la vioo, muuzaji akatushawishi tuchukue na waranti ya nyongeza, ili badala ya mwaka mmoja iwe mitatu. Binti aliisoma ile karatasi mbele na nyuma, akaigeuza kompyuta, akanionyesha stika ndogo ya rangi ya fedha iliyobandikwa chini. "Mama, hii ikichanika waranti imekufa. Asiifungue mtu, hata fundi wa stendi." Nikasema sawa. Miaka mitatu ndiyo ilikuwa miaka ya masomo yake pia. Nilitoka dukani nimeikunja karatasi ile vizuri kwenye pochi, moyo umetulia, kana kwamba wamenihakikishia vyote viwili, mashine na mtoto.

Mtu asiyeijua Karatu hawezi kujua vumbi letu. Ni jekundu, na nyumba yangu ilikuwa kando ya njia wanayopita magari ya kwenda Ganako, mashambani. Ukifuta meza saa nne, saa sita unaweza kuandika jina juu yake. Kwa hiyo kabla hata binti hajapanda ndege nilikwisha kuifumia kompyuta kitambaa cha nyuzi laini, waridi na nyeupe, kipana, nusu ya kulalia na nusu ya kufunikia, kama bahasha. Nikiifungua, nusu ya juu naitupa nyuma, mashine inabaki imekalia nusu ya chini. Ilipendeza, na sikuona ubaya wowote.

Simu tulipigiana, lakini simu ya ng'ambo siku zile ilikuwa ya kuulizana afya, umekula nini, baridi vipi, basi imekatika. Mambo yenyewe aliyaandika. Kila Jumamosi nilikwenda duka la intaneti mjini, kijana wa pale ananihamishia barua kwenye flashi, narudi nayo nyumbani. Naoga, nachemsha chai, navaa miwani, ndipo nasoma. Kusomea kule kule nilikataa. Watu wanakupumulia shingoni, na mimi nikisoma barua ya mwanangu midomo inacheza.

Mwaka wa pili, baada ya mavuno, kompyuta ikaanza kuugua. Feni yake ilivuma kama birika linalokaribia kuchemka, na chini palikuwa pa moto kiasi cha kunyoosha leso. Halafu inazima yenyewe, pu, kioo cheusi. Mwanzoni ilidumu saa nzima. Baadaye nusu saa, na mwishowe ilikuwa inazima hata chai haijapoa. Jirani yangu, mama wa Kiiraqw aliyeolewa kutoka Daa na aliyekuwa akiniletea maziwa kila jioni, aliiwekea kiganja kama anavyompima mtoto. "Jirani, hii ina homa. Mpelekee yule fundi redio wa stendi."

"Ina waranti," nikamwambia.

"Waranti ndiyo nini?"

"Ni kwamba ikiharibika, waliouza wanaitengeneza."

"Basi mbona bado iko hapa?"

Ilikuwa bado iko pale kwa sababu ya barua.

Barua yenyewe ilikuja Oktoba, ndefu kuliko zote. Nilikaa, nikaisoma habari ya theluji, ya mwenzake wa chumbani anayekula samaki mbichi, ya profesa asiyeoga. Nilicheka peke yangu. Ukurasa wa pili ukaanza hivi: "Mama, kuhusu Desemba," na kompyuta ikazima.

Sisi tuliotoka Kilimanjaro tuna ugonjwa mmoja, nao ni Desemba. Uwe Karatu, uwe Wasso, uwe Songea, mwezi huo unarudi. Mbuzi anachinjwa, migomba inapaliliwa, na wote wanahesabiwa uani kama kuku jioni. Mwaka wa kwanza nilikwenda bila binti, na wake za kaka zangu waliniuliza mmoja mmoja, kwa sauti ile ile ya huruma, "Na mtoto anakuja lini?" Niliwajibu wote: mwakani. Nililisema kwa kujidai, kidevu juu, na mwaka mzima nilikuwa nikilisubiri neno langu mwenyewe litimie. Binti hakuwa ameahidi. Nilimwahidia mimi.

Kwa hiyo siku ile kioo kilipozima, niliingoja mashine ipoe, nikaiwasha, nikaanza barua upya kutoka juu. Barua haianzwi katikati, nilijiambia. Nikafika kwenye theluji, nikafika kwa profesa, ikazima. Siku nyingine hivyo hivyo. Ukweli ninaoweza kuusema leo ni kwamba ningeweza kuuruka ukurasa wa kwanza. Ningeweza hata kwenda kusoma kule dukani, midomo icheze tu, nani angeniua? Lakini mtu anayeandika "Mama, kuhusu Desemba" halafu anaweka mkato, hana habari njema. Mimi nilimzaa, namjua. Na mashine ikizima, habari hiyo inakuwa bado haijafika.

Akanitumia ujumbe wa simu: "Mama umeisoma barua?"

Nikamjibu: "Kompyuta inachemka."

"Ipeleke dukani basi, waranti ipo."

Nilivuta siku, nikavuta tena, na Novemba ilipoanza sikuwa na kisingizio. Niliomba ruhusa kazini, nikaiviringisha kompyuta ndani ya kitambaa chake, nikaitia kikapuni na karatasi ya waranti, nikapanda basi la asubuhi kwenda Arusha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno makali. Hasira ilinifaa siku ile kuliko lile jambo jingine.

Dada wa kaunta aliiwasha. Kwa kuwa ilikuwa imepoa safarini, ikawaka vizuri. "Mama, mbona nzima?"

"Ngoja."

"Mama, kuna wateja wengine."

"Nami ni mteja. Nitakaa hapa mpaka ichemke." Nikavuta kiti. Kompyuta ilikuwa juu ya kioo cha kaunta, kitambaa nimekikunja pembeni. Dakika kumi zikapita, haijazima. Ishirini. Ile mashine iliyokuwa inanifia kabla chai haijapoa iliwaka pale kama mgonjwa anayemwona daktari akajifanya amepona. Wateja waliingia na kutoka wakinitazama. Nilipoona aibu inanipanda, nikainyanyua, nikatandika kitambaa chini yake, eti isije ikakwaruza kioo chao wakanitafutia sababu. Haikupita robo saa. Feni ikavuma, ikavuma, pu.

"Mmeona!" nilisema kwa sauti iliyofika mlangoni. "Mmeona mlichoniuzia?"

Fundi alitokea chumba cha nyuma, mtu mzima mwenye miwani kichwani. Alinipa shikamoo, akaitazama kompyuta, akakitazama kitambaa, akaitazama tena kompyuta. Akaomba ruhusa ya kuibandua stika, maana yeye aliruhusiwa. Alifungua skrubu moja moja akizipanga kwenye kifuniko cha chupa. Kisha akaingiza kibano mahali pa feni na kuvuta. Kikatoka kitu laini, kipana kama biskuti, kimeshikamana kwa vumbi jekundu, na katikati yake waridi.

"Mama, hii ni nini?"

Mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli moja ya watalii. Mashine zetu za kukaushia mashuka zina kichujio kinachokusanya nyuzinyuzi, na kisiposafishwa kila siku, joto linakosa pa kutokea na mashine inaweza kuwaka moto. Wasichana wangu waliniogopa kwa sababu ya kichujio hicho. Kuna mmoja nilimtoa machozi kwa tabaka jembamba kuliko lile. Kwa hiyo nilikijua kile kitu kabla fundi hajamaliza kuuliza. Nilijua kilivyoingia, nilijua na kilichofanya.

"Sijui," nikasema. "Labda mliiuza ikiwa nacho."

Fundi alikiweka tu kile kipande juu ya kitambaa changu, polepole, na waridi ikalala juu ya waridi. Mtu mmoja nyuma yangu akakohoa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikuvuka hata kaunta.

Dada akasoma karatasi, kwa upole sasa, na upole wake uliniumiza zaidi. Waranti haihusu madhara yatokanayo na vitu alivyoingiza mteja mwenyewe. Nilitafuta yale maneno makali niliyopanga tangu Karatu, sikuliona hata moja. Fundi akasema, "Imeshafunguka, Mama, acha nikusafishie tu." Akaisugua kwa brashi, akaipuliza, akaifunga. Pale stika ilipokuwa pakabaki alama ya gundi.

"Sasa haina waranti," dada akanikumbusha.

"Nimesikia."

"Mama," fundi akasema akinirudishia, "hii inahema kwa chini. Iweke juu ya meza kavu, usiifunike ikiwa inawaka. Haitazima tena."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema kunifurahisha. Basi lilipopanda ule mlima wa Mto wa Mbu, abiria wote wanatazama ziwa kule chini, mimi nilikuwa nimekishika kikapu mapajani nikiwaza: haitazima tena.

Jumapili, baada ya ibada, nilichemsha chai. Nikavaa miwani. Niliweka kompyuta juu ya meza tupu, na meza ile sikuwahi kuiona tupu tangu niinunue. Nikaanza juu, kama kawaida yangu. Theluji. Samaki mbichi. Profesa. Mashine ilinyamaza kimya, haikuvuma, haikunionea huruma.

"Mama, kuhusu Desemba, sitakuja. Na nikimaliza masomo pia sitarudi mara moja. Nimepata kazi hapa, miaka miwili, labda zaidi. Nimeogopa kukuambia kwa simu kwa sababu ungenyamaza, na mimi kunyamaza kwako siwezi." Niliendelea. Alieleza kazi, alieleza mshahara, aliomba msamaha mara tatu. Karibu na mwisho aliandika: "Chumba changu kipya kina meza, kitanda na dirisha, basi, kitupu kabisa. Nilikuwa nakucheka, lakini sasa nikiingia jioni natafuta kitambaa hata kimoja. Nifumie kile cha waridi, cha kompyuta, kama ulichofuma wakati naondoka."

Nililia. Sisemi kwamba chozi lilinidondoka. Nililia kwa sauti mchana kweupe, madirisha wazi, mpaka jirani akaja mbio na jagi la maziwa mkononi.

"Kuna msiba?"

"Hapana. Mtoto haji."

Akakitazama kile kioo kinachowaka, ambacho hakujua kukisoma. Hakuniambia nimshukuru Mungu, wala kwamba mtoto ni mzima, wala mambo mengine wanayoambiwa watu. Aliingia jikoni kwangu, akabandika yale maziwa motoni, akakaa nami mpaka yalipochemka.

Desemba ile sikwenda Kilimanjaro. Niliwapigia nikasema hotelini kuna wageni wengi, na kweli walikuwepo, lakini niliomba zamu mwenyewe. Sikukuu niliipitisha nikihesabu foronya. Jioni nilirudi nyumbani, nikakaa sebuleni na uzi wa waridi, nikafuma. Cha kwanza kilifika ukubwa wa kompyuta, nikakitazama, nikakifumua chote. Cha pili nacho nikakifumua. Nilikuwa naliona lile dude kama biskuti likitoka kwenye mashine yake, kule mbali, asijue ni nani aliyemharibia mashine. Cha tatu nilikiacha kidogo, mviringo, cha kutosha kiganja. Nikakipeleka posta na kipande cha karatasi: "Cha kompyuta sikutumii, usiniulize kwa nini. Hiki ni cha kikombe."

Aliniandikia kwamba amekiweka kwenye meza karibu na dirisha, na kikombe juu yake. Niliisoma barua hiyo mara moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na mashine haikuzima. Imekaa pale mezani, kitu pekee ndani ya nyumba yangu kisichovaa, na kila nikipita karibu nayo mkono wangu unakwenda wenyewe kuifunika.