Wivu kwa jirani ulinifanya ninunue programu ya "kuharakisha kompyuta", wakanikata pesa hadi nikachoka

Wakuu, salamu kutoka Voi. Jua la leo limefukuza wateja wote, kwa hivyo niko na nafasi ya kuwaelezea kitu kilinipata. Sitaongeza chumvi. Mahali pa kuaibika nitaaibika tu mbele yenu.

Niko na cyber ndogo hapa mjini, karibu na soko. Kompyuta kadhaa, printer, na mashine ya photocopy ambayo tumezeeka pamoja. Nilikuwa peke yangu kwa hiyo barabara hadi Wakesho akafungua yake upande wa pili. Milango yetu inaangaliana.

Wakesho tulisoma darasa moja. Alikuwa ananishinda hesabu, ananishinda kuimba, na sasa akaja kunishinda kwa kazi yangu mwenyewe.

Nyinyi hamjui kukaa kwa kiti siku nzima ukiangalia wateja wako wakiingia mlango wa mtu mwingine. Unawajua kwa majina. Wengine wanakupungia mkono wakipita, na hiyo ndiyo inauma zaidi.

Aliyeniuma kabisa ni Mwalimu Mwadime, wa huko juu Mghange. Huyu alikuwa ananiletea mitihani ya shule yao nzima niitype na kuiprint. Muhula mmoja nikaona anavuka barabara na bahasha zake. Nilipokutana naye sokoni nikamuuliza kwa utani, "Mwalimu, siku hizi umenihama?"

Akasema, "Mama, kwako tunangoja sana. Kwa Wakesho ukibonyeza kitu kinafunguka."

Nikacheka. Nikaenda nyumbani na hiyo maneno kama mwiba kwa mguu.

Sasa nikaanza kutafuta siri ya Wakesho. Siku moja nikajifanya nimeenda kuomba chenji. Macho yangu yalikuwa kwa screen yake tu. Pale chini kwenye kona nikaona alama ya kijani, kama mshale uko ndani ya duara. Kila kompyuta iko nayo. Nikajiambia, Wakesho, umeshikwa leo.

Nikarudi kwangu mbio nikaitafuta. Ni programu ya kusafisha na kuharakisha kompyuta. Tangazo linasema skani ni bure, kompyuta yako itakuwa kama mpya.

Nikaskani. Wakuu, ile skani ilitoa madoa mekundu screen nzima. Eti nina makosa mamia kwa mamia, eti mashine iko katika hali ya hatari, mshale kwa kipimo umelala upande wa mwisho. Niliogopa. Wakati huo huo nilifurahi, kwa sababu nilidhani nimepata kile ambacho Wakesho alikuwa ananificha.

Kubonyeza "rekebisha" ikataka kadi. Ndipo nikajua kilichokuwa bure ni kuambiwa unaumwa. Dawa ni ya kulipia.

Nikaweka kadi ya benki. Sikusoma yale maandishi madogo chini. Nilikuwa naangalia dirishani, Wakesho akicheka na mteja.

Baada ya kulipa, madoa yakageuka kijani yote. Kompyuta? Ilikuwa vilevile. Lakini unajua ukishalipa, unaanza kujidanganya. Niliwaambia wateja, "Si mnaona iko haraka siku hizi?" Wanatabasamu kwa heshima.

Kisha siku moja Wakesho akafunga, alikuwa na matanga kwao Wundanyi. Nani anaingia kwangu? Mwalimu Mwadime, na laptop mpya kwapani. Anataka nimuwekee programu za kuandikia na nimsaidie kufungua email.

Nilimkaribisha kama mgeni wa harusi. Nikataka kumwonyesha kwamba hata mimi niko na utaalamu. Nikamwambia, "Mwalimu, kwanza tuipime afya." Nikaweka ile programu, nikaskani.

Makosa mamia kwa mamia. Hali ya hatari. Mshale umelala palepale ulipolala kwangu.

Mwalimu akaangalia screen, akaniangalia. Hakupandisha sauti. "Mama, hii laptop nimeitoa kwa boksi asubuhi hii. Nailoni zake ziko hapa kwa mfuko."

Nilishika mouse tu nikiizungusha bila kazi. Akasema atangoja Wakesho afungue, akaifunga laptop polepole, akaondoka.

Niliondoa ile programu kwa kompyuta zangu zote siku hiyo. Nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Ujumbe wa benki ukaingia, nimekatwa tena, kwa dola. Kumbe nilijiunga na malipo ya kujirudia yenyewe. Na kulikuwa na kiboksi kilikuwa kimeshatiwa tiki kabla sijafika, cha kitu kingine kinaitwa ulinzi, nacho kina bei yake. Kuondoa programu hakuondoi malipo.

Nikapiga namba yao. Jamaa mmoja mpole sana akaniambia kwa Kiingereza nikijitoa mashine zangu zitabaki wazi kwa wezi. Akanipa punguzo. Akaomba nimfungulie aingie kwa kompyuta, akiwa huko huko kwao, aone shida. Kila nikisema nataka kujitoa, anasema ananielewa, halafu anarudi pale pale. Nikakata simu. Wakanikata tena.

Ungedhani nitaenda benki. Sikuenda. Binamu yake Wakesho anafanya kazi pale kaunta, na niliona afadhali pesa iende kuliko Wakesho ajue. Huo ndio ukweli, hata mkinicheka.

Mwishowe Wakesho alikuja mwenyewe. Alivuka barabara akasimama mlangoni kwangu, amebeba ndizi za kwao.

"Mkawasi, Mwalimu ameniambia kuhusu ile skani," akasema. "Na wewe walikukata?"

"Na wewe?" Ndiyo kitu pekee kilinitoka.

"Mimi nilikatwa mara ya kwanza tu. Nilienda benki siku hiyo hiyo, wakafunga kadi, nikalalamika rasmi. Pesa ilirudi."

Nikamuuliza, basi kompyuta zake zinakimbia kwa nini. Akashangaa. "Fundi alizitoa hard disk za zamani akaniwekea SSD, hizi disk mpya za kasi, akaongeza na kumbukumbu, RAM. Ile takataka ya kijani sikuwa hata nimepata muda wa kuiondoa. Si ungeniuliza tu?"

Ningeuliza vipi, wakuu. Ningeanzia wapi.

Nilienda benki siku iliyofuata. Kadi wakafunga, nikapewa nyingine, na yule binamu alinihudumia vizuri bila neno. Lakini kwa zile pesa za nyuma waliniambia muda wa kulalamika umepita. Kwa hivyo hata kwa kuibiwa, Wakesho aliibiwa vizuri kunishinda.

Fundi wake alikuja kwangu pia, mashine moja kwa wakati kadri ninavyopata pesa. Zinafunguka haraka sasa. Mwalimu bado hajarudi.

Nilichojifunza: programu ikikupima bure halafu ikudai pesa ya kukutibu, iskanishe kwa mashine mpya uone itasema nini. Kabla ya kuweka kadi tafuta maneno ya kujirudia kwa malipo, na uangalie viboksi vilivyotiwa tiki na mtu ambaye si wewe. Ukikatwa, enda benki siku hiyo, hata kama kaunta kuna ndugu wa adui yako.

Kama kuna aliyefaulu kurudishiwa pesa baada ya muda kupita, tafadhali aandike hapa chini alifanyaje. Na wenye cyber, mniambie nyinyi mnatumia nini kuharakisha mashine.

Wakesho, kama unapitia huu uzi, asante kwa ndizi. Na hiyo printer mpya ya rangi uliyoingiza jana nimeiona. Nimeiona vizuri sana.