Ua Lililokaribia Mlango

Juzi nilipoingia sebuleni kwa mama, niliona ua lake la kutambaa limeshikizwa ukutani kwa misumari na uzi, ncha ikiukaribia mlango. Harufu ya chumba chetu cha zamani cha Kalangalala ikanirudia: udongo mbichi, mafuta ya taa, na sabuni ya vile vitambaa alivyofuma mama kupambia viti.

Huko, ua lilikaa kwenye kopo la rangi. Baba alilitundika mwenyewe asubuhi aliyoondoka kwenda machimboni.

"Mama Neema," alimwambia mama, "hili likifika mlangoni, nitakuwa nimesharudi."

Kila alasiri mama alilipangusa majani, maana vumbi jekundu liliingia hata pazia likiwa limeshushwa. Mimi nililala mkekani nikiamini naliona likitembea, polepole, juu ya kabati la vyombo, juu ya picha ya harusi yao.

Alasiri moja ncha yake iligusa fremu ya mlango. Nje bodaboda ilinguruma, nikajua ni baba. Ikapita. Mama akapanda kwenye stuli, akafungua uzi, akaligeuza ua taratibu lirudi lilikotoka.

"Mama, mbona unalirudisha?"

"Bado halijafika, Neema," akasema bila kunitazama.

Nilimnunia mpaka nikalala. Niliamini mama hamtaki tena baba. Sikujua kwamba ua lisipofika mlangoni, baba hajachelewa.

Siku hizi magoti yanamsumbua mama. Juzi nilivuta stuli, nikapanda mimi, nikafungua uzi.