Keris Saba za Jirani Yetu wa Nyarero

Krismasi iliyopita nilirudi kijijini kwetu Nyarero, na baada ya kusalimia nyumbani nikaenda moja kwa moja kutazama kwa jirani yetu wa zamani. Nyumba imeshabomoka. Palipokuwa sebule wamepanda mahindi, na mlimau wa uani umeng'olewa. Nilisimama pale kitambo, nikamkumbuka.

Alikuwa mpishi wa meli za mizigo. Ndugu wa mama yake walioko Kenya ndio waliomtafutia kazi hiyo Mombasa. Wenzake walirudi na redio na makoti. Yeye alirudi na visu. Vilikuwa saba, vyote vya Indonesia, ambako huitwa keris. Kila meli yao ilipotia nanga Java, alitafuta kimoja. Ungeviona ungeshangaa, maana havikunyooka. Vilipindapinda kama nyoka anayekimbia, na chuma chake kilikuwa na michirizi kama ubao uliopigwa randa. Ala zake zilivikwa fedha iliyochorwa maua. Kimoja, alichokipenda kuliko vyote, kilikuwa na pete ya dhahabu chini ya mpini.

Sisi watoto tulimwita babu. Jumamosi, tukishateka maji na kufungia ndama, tulikwenda kumsaidia kuvisafisha. Tulikamua malimau, yeye akafuta kutu taratibu, kisha akapaka mafuta ya karafuu kwa pamba. "Mikono mikavu kwanza," alisema kila mara, hata kwa aliyekwisha kujifuta. Tukimaliza, mkewe alituletea viazi vitamu na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, yenye ile harufu ya moshi ambayo siku hizi siipati popote.

Mwaka mmoja ng'ombe waliibwa, na ukoo wetu ukaanza kupigana na ukoo wa ng'ambo ya mto. Mama alitukataza kwenda sokoni. Kaka yangu, kijana aliyetoka kumaliza shule, akaacha kula nyumbani. Alishinda na wenzake waliobeba mishale na mapanga, na mama akawa anakaa mlangoni akitazama njia.

Mchana mmoja tulikuwa kwa babu, keris zote zimelazwa mkekani, vijana kama tisa wakaingia. Kaka alikuwamo. Kiongozi wao alikuwa fundi baiskeli wa pale kwetu.

"Shikamoo babu. Tumekuja kuomba hivyo visu."

"Marahaba. Vya nini?"

"Unajua mwenyewe, babu. Wale wana sime, sisi tumepungukiwa."

Nilidhani atakataa. Badala yake aliichukua ile yenye dhahabu, akawanyooshea.

"Chukueni. Ila anayechukua anitajie kwanza jina la mtu anayekwenda kumchoma."

"Ni wale wa ng'ambo," fundi akasema.

"Hao wana majina. Nitajie mmoja."

Babu akamgeukia kaka. "Wewe, ng'ambo unamjua nani?"

Kaka alitazama chini. "Mjomba," akasema.

Mama yetu alizaliwa ng'ambo. Mjomba huyo ndiye aliyemfundisha kaka kukamua, akimshika vidole vyake kwenye chuchu ya ng'ombe.

"Anaitwa nani?"

Kaka akalitaja jina.

Babu akairudisha keris mkekani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Fundi alitoka bila kuaga, wengine wakamfuata mmoja mmoja. Kaka alibaki amesimama, hadi babu alipompa kitambaa, naye akakaa chini, akaanza kufuta.

Sitakudanganya kwamba vita viliisha siku ile. Viliendelea hadi wazee wa pande zote mbili walipokaa pamoja, na kabla ya hapo tulimzika fundi baiskeli. Lakini kaka hakwenda tena. Kila Jumamosi alikuwa kwa babu, na mpini wa keris moja ulipopasuka, yeye ndiye aliyechonga mwingine. Babu alipokaribia kufa alimkabidhi zote saba, akamwambia azipake mafuta hata kama amechoka.

Sasa babu hayupo, wala mkewe, wala vile vibuyu. Maziwa tunaweka kwenye madumu ya plastiki. Kaka ana karakana ya useremala Morotonga. Keris ziko kwenye kabati la kioo alilolitengeneza mwenyewe, na pembeni yake ameanza kukusanya sime za zamani za kwetu. Wazee wanamletea kutoka pande zote za mto, nyingine ala zake zimeliwa na mchwa, naye anazichongea upya.

Tulipokuwa kwake Januari, mjomba alikuja kwa pikipiki, amezeeka, ameshika kitu kilichofungwa kwenye kanga. Ilikuwa sime yake ya mwaka ule wa vita. Kaka aliipokea kwa mikono miwili, akaitafutia nafasi kabatini, kisha akamwita mke wake alete chai.