Antena Yenye Pembe Nyingi

Enzi zetu huko Masisi, habari zilikuja kwa fonie, ile redio ya kuzungumza kwa zamu, nasi watoto tulizisikiliza tukiwa na masharubu ya maziwa. Ila sauti haikufika msituni Walikale. Ndipo wapenzi wa redio wa kijiji, wakiongozwa na Kaka Bahati, wakaamua kusimika kilimani rele, mtambo wa kupokea sauti na kuirusha mbele.

Mama aliingoja kuliko wote. Dada yangu Furaha alikuwa ameolewa Itebero, kule kule Walikale, mimba yake imekomaa, na tangu mvua zianze hakuna mpita njia aliyeleta habari zake.

Kaka Bahati alileta antena mbili: moja fimbo tupu, nyingine ndefu yenye vijiti vingi kila upande. Sasa waachie wafugaji wachague! Papa, baba yetu, na wenzake walizizunguka kama wako soko la ng'ombe la Kitshanga, wakazigonga, wakarudi nyuma kuzitazama vizuri.

"Hii njo iko na pembe," Papa akasema. "Ile ingine iko fimbo ya kuchungia tu."

Bahati alieleza kwamba ile ya pembe hurusha sauti upande mmoja. Nani amsikilize? Ikasimikwa, ikaelekezwa ziwani. Watu wa Kirotshe, kando ya ziwa, wakasikika kama wamekaa jikoni kwetu. Itebero, kimya. Na kuigeuza kungetupotezea Kirotshe, kwenye hospitali. Mama alikaa karibu na redio mpaka ugali ukapoa.

"Papa Furaha," akasema mwishowe, "mutoto wangu hayuko ku ziwa. Mushushe hizo pembe."

Papa alipanda kilimani mwenyewe, akashika nguzo Bahati akifungua, na ile fimbo inayorusha pande zote ikapanda. Jioni hiyo redio ikakoroma, ikasafika.

"Mama, njo miye Furaha. Mutoto alishazaliwa, tuko bazima. Kila siku nilikuwa nabaita."

Mama akapiga vigelegele. Wenye redio mabonde yote walikuwa wamesikia, wakaitikia, na kabla giza halijaingia nyumba ilijaa watu na vibuyu vya maziwa. Papa alicheka kuliko wote. Hadi leo namshukuru Mungu kwa watu wale.

Watoto wetu sasa, rezo ya simu ikipotea kidogo tu, wananuna kama wamefiwa. Simu nami ninayo, na ninaipenda, sidanganyi. Juzi Furaha alinitumia sauti: amepata mjukuu. Nilikuwa peke yangu chumbani. Nilishukuru, nikalia kwa furaha, kisha nikatoka nje kutafuta mtu wa kumwambia.