Kamba za Mgomba na Njia ya Kwa Bibi

Mvua za masika za mwaka ule zilichukua karibu madaraja yote ya magogo upande wetu wa mlima, juu ya Nkoaranga. Makorongo yetu ni membamba lakini yana kina, na gogo likishaondoka, nyumba unayoiona ng'ambo inakuwa mbali kabisa. Daraja la kwenda kwa bibi, mama yake baba, lilikwenda na maji pia. Kutoka uani kwetu nilimwona akimkatia ng'ombe wake majani, na tuliweza kuitana, lakini chakula hakirushwi. Macho yake yaliona mbali, lakini moto wa karibu hayakuuona vizuri, na mama alikuwa amemkataza kupika; chakula alipelekewa kutoka kwetu. Sasa alikuwa akila ndizi mbivu na maziwa tu.

Baba alisema daraja lisiporudi, bibi atahamia kwetu. Bibi alisikia akajibu kutoka ng'ambo, "Na ng'ombe wangu nimwachie nani, wewe? Na kaburi la baba yako?"

Mimi sikutaka ahame. Nilijua angekaa kwetu kama mgeni, na asingedumu.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Wanaume wengi walikuwa vibarua kwenye mashamba ya walowezi kule chini Tengeru, na waliobaki hawakutosha kurudisha madaraja yote kabla ya kahawa kuiva. Mshili, yaani mzee wa ukoo wetu, akaitisha kikao uani kwetu. Kila mtu alitetea daraja la mlangoni kwake, na asubuhi nzima ikaisha kwa kelele.

Baba alikuwa amepanga mawe chini, kila jiwe nyumba moja. Kati ya mawe alilaza kamba za mgomba, moja kwa kila daraja lililovunjika. Kamba alizikata pamoja na wazee waliokwenda kukagua: penye kazi nyingi, kamba ndefu, penye kazi kidogo, kamba fupi. Mimi shuleni nilikuwa wa mwisho kumaliza kuandika, lakini kamba hazikunihitaji niandike. Nilichuchumaa nikaziangalia. Niliona kwamba mahali pengine zilizunguka zikafunga duara, na palipo na duara, ukiondoa kamba moja hakuna nyumba inayokosa njia. Watu watapita upande wa pili.

Nikamnong'oneza baba. Mshili akaniona.

"Kijana, sema tusikie. Hapa hakuna anayekula watu."

Nilisema nikiangalia mawe. "Penye duara, tutoe kamba ndefu kuliko zote za duara hilo, daraja lake tusilijenge. Tukimaliza, tutafute duara jingine. Yakiisha yote, tuache. Hapo kila nyumba itafikiwa na kazi itakuwa ndogo kuliko njia nyingine yoyote."

"Na ukitoa nyingine baada ya hapo?"

"Kuna nyumba itabaki peke yake, mzee."

Mshili alijaribu mwenyewe kwa kidole, akatoa kamba moja, akafuata njia kutoka jiwe hadi jiwe, akarudi alikoanzia. "Haya," akasema, "endelea."

Nilitoa moja, nikatoa nyingine. Wazee waliokuwa wakigombana walinyamaza, kwa sababu sasa wangekuwa wanagombana na kamba. Likabaki duara moja. Lilianzia kwetu, likapita kwa mjane jirani yetu wa juu, likazunguka kwa fundi seremala, likashuka hadi kwa bibi, kisha likarudi kwetu kwa daraja la korongo letu.

Kamba mbili ndizo zilizokuwa ndefu: ya kwetu na bibi, na ya kwetu na mjane. Kwa macho zilifanana.

"Zipime," alisema mshili.

Nilizishika pamoja, ncha na ncha. Ya bibi ilizidi kwa kipande kidogo kama kucha, na kile kipande kilikuwa ndani ya kiganja changu. Ningekikunja na kukibana kwa kidole gumba tu, ya mjane ingeonekana ndefu zaidi, na daraja la bibi lingejengwa. Mjane angezunguka yeye, na watoto wake wadogo, kila wanapokuja kisimani upande wetu. Nilimwona amesimama nyuma ya wazee akiwa na mtoto mgongoni.

Nikafungua kiganja. Nikaiweka kamba ya bibi pembeni.

"Basi," alisema baba kwa sauti ya chini. "Mama atahamia hapa."

"Hapana, baba," nilisema, na safari hii wote walinisikia. "Nyumba yake imefikiwa. Njia ni ya kuzunguka tu. Chakula nitapeleka mimi, kila siku."

Binamu yangu alicheka. "Kwa mwendo wako? Utafika Kikatiti kule mbali kabla hujafika kwa bibi!"

"Nitafika," nilisema.

Madaraja yaliporudi, nilianza. Nilipanda kwa mjane, nikakata kwa seremala, nikateremka kwenye utelezi nikiwa na chungu cha mtori, ile supu nzito ya ndizi, kichwani. Siku ya kwanza nilianguka. Siku iliyofuata nilifika salama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huu mtori umeganda. Umeulaza njiani?"

"Nimezunguka, bibi."

"Najua. Nimekuona ukitoka, nikakuona ukipotea, nikalala, nikaamka."

Nilirudi nikamwomba mama apike loshoro badala yake, mahindi na ndizi vilivyochanganywa na maziwa ya mgando, kwa kuwa huo ukipoa ndio unakuwa mtamu. Nikaujaza kwenye kibuyu, nikakifunga mgongoni ili mikono ibaki wazi kushika miti. Bibi aliunywa wote. Kisha akafuta mdomo, akasogea hadi ukingo wa korongo na kumwita baba, aliyekuwa akipogoa kahawa upande wetu.

"Ule mkeka ulionitandikia huko kwako," alimwambia, "mpe mtu mwingine!"

Baba aliinamia mti wake. Aliendelea kupogoa. Mimi nilichukua kibuyu kitupu, nikaanza kupanda kwa seremala.