Wachina wa kale katika chumba cha kufulia

Jumamosi, katika chumba cha kufulia nguo cha jengo letu hapa Bredäng, Uswidi, mama mmoja Mkongo alifika kwa zamu yake akakuta mashine imejaa nguo za jirani ambaye zamu yake ilishakwisha. Sare yake ya kwaya ilihitajika kesho yake kanisani. Mumewe aliyefuatana naye, anayesoma falsafa ya China ya kale kwenye masomo ya jioni, alikuwa na ushauri.

"Wakonfusio wanasema tuanze na adabu. Mpigie hodi."

"Nimepiga. Hafungui."

"Basi fuata Watao, wale wa njia ya asili: usilazimishe kitu. Maji hujitafutia njia."

"Maji yamo ndani ya mashine yake, papa! Hakuna Wachina wakali?"

"Wapo. Wale wa sheria: anayevunja kanuni aadhibiwe."

"Hao ndio wangu!"

Akaanza kuzitoa nguo. Mara jirani, bibi wa Kiswidi, akaingia na kumkuta ameshika gauni lake bichi. Mama akatabasamu, akalianika taratibu. Bibi akamshukuru kwa machozi, maana mgongo ulimzuia kufungua mlango na kushuka mapema.

"Umeona?" mume akanong'ona. "Kuna shule nyingine ya hekima ya Wachina, ya kupenda watu wote sawasawa."

"Nyamaza, anika soksi."

Nami najiuliza ni shule ngapi za hekima zilizoanza kwa mtu kufumaniwa.