Kilo Moja na Pointi Nne

Baba yangu alizaliwa upande wa Chemba, katika kaya ya wafuga nyuki. Mama yangu alizaliwa Kondoa, akaolewa akiwa hajui neno hata moja la lugha ya mumewe. Majina yao hutayaandika, mjukuu wangu. Waliowaita kwa majina hayo wamekwisha, na wewe uliyebaki unawajua. Hawakunipeleka shule. Nilichunga mbuzi, nikapandisha mizinga, na Kiswahili hiki ninachokutamkia nilijifunza ukubwani, sokoni na msikitini, kwa kuwasikiliza wanaokisema vizuri na kukataa kuwaiga wanaokiharibu.

Kisomo changu ni namba tu. Kwa miaka mingi nilisimama kwenye mizani ya magunia katika karakana moja ya kukamua alizeti hapa Kizota, na namba yoyote inayotokea kwenye mizani naijua, pamoja na pointi zake. Maneno siyajui. Atakayesoma habari hii alishike hilo, maana kosa langu lilianzia hapo.

Mama yako, binti yangu wa pekee, alipatwa na kifafa cha mimba ukiwa na miezi saba tumboni. Madaktari walikutoa kwa upasuaji ili muokoke wote wawili. Yeye akalazwa wodi nyingine, hajitambui. Baba yako alikuwa mpakani na lori lake, na bibi yako tulikuwa tumekwisha kumzika. Kwa hiyo muuguzi alipofungua mlango kumtafuta mtu wa mtoto, mtu huyo alikuwa mimi.

"Babu, vua shati," akasema.

"Kwa nini?"

"Mtoto anahitaji joto la mtu, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Mama yake hawezi."

"Kwetu mwanamume hashiki kichanga kabla kitovu hakijadondoka."

"Kitadondoka akiwa hapo hapo kifuani kwako. Vua shati, babu."

Nikavua. Akakulaza kifuani pangu, umevaa kofia ya sufu iliyokuzidi, akakufunga kwa kitenge cha mama yako. Siku kumi na tisa nilikaa nawe hivyo, mzee peke yangu katika chumba cha wazazi, nao hawakuniacha nipumue.

"Babu, umejifungua salama?" aliniuliza mmoja asubuhi ya kwanza.

"Salama. Mtoto wa kike."

"Na maziwa yametoka?"

"Yako njiani."

Walicheka mpaka muuguzi akawakemea kwa ajili ya mishono yao. Maziwa yenyewe alikamuliwa mama yako huko alikolala, nawe ukanyweshwa kwa mpira mwembamba kama unyasi. Jamaa waliokuja kututazama walikuita njiti, kama wanavyoitwa watoto wote wanaozaliwa kabla ya wakati. Nikalipiga marufuku neno hilo nyumbani kwangu. Njiti huwashwa mara moja ikatupwa, nami sikukufunga kifuani siku zote zile ili utupwe.

Tuliporuhusiwa, mama yako akitembea kwa kushika ukuta, muuguzi alinikabidhi karatasi, akaniambia nisiipoteze na kwamba turudi nayo baada ya wiki sita. Juu ya karatasi niliona namba ninayoijua: moja, pointi, nne. Hiyo ndiyo kilo uliyozaliwa nayo. Chini ya namba palikuwa na mistari ya maneno. Sikumwomba mtu anisomee. Nilijiamulia kwamba wanataka turudi ili waitazame tena namba ile, waitikisie vichwa, na kwamba siku moja mtu atakusomea na wewe utajiona mdogo maisha yako yote. Nikaikunja, nikaificha chini ya sanduku langu. Mama yako alipoiuliza, nilimwambia imepotea. Hilo nalo liandike.

Hatukurudi. Kadi ya chanjo mama yako aliifuata sawasawa, lakini uzito niliupima mwenyewe. Kila mwezi nilikupeleka karakana, nikapima beseni kwanza, kisha beseni na wewe ndani yake, nikatoa uzito wa beseni.

"Mzee, leo mashudu kilo ngapi?" vijana wa mashine walinitania, kana kwamba nimeleta makapi ya alizeti.

"Kilo nne, na yana akili kukushinda."

Ulipofika kilo kumi nilitembea Kizota nzima kama mtu aliyeshinda kesi. Nilisema uzito umelipwa wote, na kwamba hakuna tena tofauti kati yako na watoto wa majirani. Tofauti ilikuwapo. Ulichelewa kukaa, ukatembea ukikaribia miaka miwili, ukisema maneno machache na kujikwaa mahali palipo sawa. Mama yako aliniambia mara nyingi, "Baba, mtoto huyu tumpeleke akatazamwe." Nilimjibu kwamba wanaotafuta kasoro huipata. Ulipokuwa na miaka minne uliupitisha mkono kando ya kikombe cha uji, ukakigonga kikamwagika, nami nikakuchapa kwa uzembe.

Kalamu imesimama. Kwa nini?

"Silikumbuki hilo, babu."

Mimi nalikumbuka. Endelea.

Ulipokuwa umemaliza miaka miwili ya darasa la awali, mwalimu wako alimwita mama yako shuleni. Mama yako siku hizo alikuwa ameanza kupika chakula cha wanafunzi kule chuoni Chimwaga na hakuweza kuacha masufuria, hivyo nikaenda mimi. Mwalimu alinipa shikamoo ya heshima, akaniwekea kiti, kisha akasema jambo ambalo hata kwenye kiti halikukalika. Wenzako wangeingia darasa la kwanza mwezi wa kwanza. Wewe ungebaki awali mwaka wa tatu.

"Hafuati ubaoni, babu. Anaandika pembeni ya daftari. Mama yake aliniambia alizaliwa mdogo sana. Watoto hawa wakati mwingine kichwa hukomaa taratibu."

"Alizaliwa na kilo moja na pointi nne," nikamwambia, "na sasa ana kilo kumi na nane. Nimempima mwenyewe."

"Sikatai, babu. Ila sipimi magunia hapa."

Nikaondoka bila kuaga. Nilikwenda nyumbani, nikainua sanduku, nikarudi na ile karatasi mpaka kwenye meza yake. Nilitaka aione namba uliyotokea, aone ulipofika, kisha aone haya. Yeye hakuitazama namba. Alianza kusoma chini, kwa sauti, kidole kikifuata mstari: mtoto arudishwe apimwe macho, atazamwe masikio, atazamwe anavyokaa, anavyotembea na anavyosema, mpaka afike umri wa shule.

Akaniuliza, taratibu, "Babu, alipelekwa macho?"

Miaka sita nilikuwa nimeilalia siri iliyo chini ya sanduku lile. Nilikuwa nimeificha namba isikuumize, na pamoja nayo nikayaficha macho yako. Lakini sikuinamisha kichwa mbele ya yule mwalimu, na leo pia siinamishi.

"Tumekosa wawili," nikamwambia. "Mimi sikusomewa, na wewe hukuuliza. Jina lake usilikate kwenye orodha ya darasa la kwanza kabla hajapimwa."

Akafikiri, akasema atasubiri mpaka shule ifunguliwe.

Ulipimwa. Macho yako yalikuwa hayaoni mbali, na jicho la kushoto lilikuwa baya zaidi. Daktari alisema watoto wanaozaliwa kabla ya wakati hupatwa na hayo mara nyingi kuliko wengine, ndiyo maana walituita mapema. Ulivikwa miwani yenye mpira nyuma ya kichwa. Ulisimama nje ukitazama mlima, ukasema, "Kumbe kule juu kuna mawe." Kisha ukanigeukia: "Babu, kumbe umezeeka hivi."

Mwezi wa kwanza uliingia darasa la kwanza, dawati la mbele. Sasa uko la sita. Wasomaji wasidanganywe kwamba miwani ilimaliza kila kitu. Mpira ukirushiwa bado unakupita, hesabu unazifikia baada ya wenzako, na mkono wako huchoka upesi, ndiyo sababu maneno haya machache yametuchukua siku nne. Anayesema mtoto aliyezaliwa mdogo hawezi, ni mwongo. Niliyesema hana tofauti yoyote, nilikuwa mwongo vilevile. Tofauti ilihitaji kutazamwa mapema, na mimi niliikalia.

Sasa nisikilize. Kitenge nilichokufungia kifuani kimechakaa. Ukikitaka, kichukue, usipokitaka, kifanye cha kupangusia vumbi. Mizani si yangu. Karatasi ihifadhi pamoja na vyeti vyako, wala namba usiifute, ni yako. Na siku mtu asiyejua kusoma atakapokuja kwako ameshika karatasi kama hiyo, anza kumsomea chini. Namba ataiona mwenyewe.